Masaa Mawili ya Jenereta

Kariuki ndugu yangu,

Kwanza niambie, kifua cha Mama kimepoa? Na viazi vya shamba la juu, baridi haijavichoma? Mimi ni mzima, ila mzima wa kufungiwa. Huku simu haishiki mtandao, kwa hivyo barua hii nampa dereva anayeniletea petroli.

Ile nyumba kwenye picha niliyowatumia si yangu. Nilisimama tu mbele yake. Naishi ndani ya karavani, nyumba ya magurudumu, nikilinda matrekta ya kampuni mpaka theluji iishe. Viza yangu iko mkononi mwa mwajiri huyu. Nikiondoka kwake, nimeondoka nchini.

Taa na feni ya hita zinategemea betri mbili, na jenereta nimeruhusiwa masaa mawili kwa siku. Sasa, unajua sisi na maji ya Jumanne: mfereji ukifunguliwa, Mama hataki kuona hata kikombe kitupu. Nami nikawa nachaji asubuhi mapema, betri zikiwa baridi kabisa, nangoja mpaka zijae pomoni. Masaa mawili yakawa matatu. Petroli ya wiki mbili ikaisha kwa siku tisa. Siku tano nililala na viatu, na nililia, sitakudanganya.

Dereva ndiye alinifungua macho. Betri baridi haipokei chaji vizuri, tena ile sehemu ya mwisho ndiyo inakula petroli bure. Siku hizi nimezifunika kwa blanketi ndani ya sanduku, kama kile kikapu Mama anachoweka githeri, mahindi na maharagwe, imalizie kuiva. Nangoja chaji ishuke, nawasha jenereta huko nje saa saba mchana, zikifika kama robo tatu nazima. Kinachobaki naliachia jua na paneli ya sola iliyo juu ya paa, siku likijitokeza.

Hivyo ndivyo ninaishi, Kariuki. Nakaa nikihesabu dakika za moto.

Umeandika kwamba wakala yule yule aliyenileta huku amekuletea fomu, na mwezi ujao unatia sahihi. Usitie. Nilinyamaza kwa aibu, na kunyamaza kwangu ndiko kumekudanganya. Wewe ukitaka kutembea mpaka Dundori saa hii, unavaa gambuti unaenda. Mimi siwezi.

Nisalimie shangazi anayetukamulia ng'ombe, na mke wako. Mama mwambie ukweli wewe, mimi nimeshindwa. Halafu ile picha aliyotundika sebuleni, ishushe.

Ni mimi kaka yako,
Njoroge