Siku Ulipouacha Mstari Wako

Bi Mishi, mama yangu wa Ukunda,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini sikuwahi kuanza neno nawe bila shikamoo, na sitaanza leo.

Jana tulichagua tena mkuu wa ua, mara ya kwanza tangu ututoke. Wamenirudisha mimi. Nyumba zetu sita bado zimekizunguka kisima kile kile, jiko ni lile lile la pamoja, na ugomvi wa zamu za kufagia haujaisha. Nilicheka peke yangu nikikumbuka nilivyokukasirikia mwaka jana.

Zile vurugu za Pwani zilikuwa zimewatimua wabara wengi, hata mimi. Nilirudi kazini kutoka kwetu Kitui na sare yangu ya hoteli, nikakuta salamu za majirani zimekuwa fupi. Mzee Hamisi wa nyumba ya mwisho alikuwa hata haitiki. Nikakata shauri: mwisho wa mwezi nafungasha, naondoka kabisa. Sikumwambia mtu. Kumbe ulikuwa umeniona nikitafuta makatoni.

Siku ya uchaguzi kila mtu alikutaja wewe. Ukasema, "Nitashindana na nani, peke yangu? Mimi namtaja Mama Mutua." Nilitamani ardhi inimeze. Kwa desturi yetu wagombea huuelekea ukuta, wasione nani amesimama nyuma ya nani, wasije wakawekeana kinyongo. Basi nikasimama, pua kwenye chokaa, nikisikia ndara zote zikikokotwa upande wako. Nyuma yangu kimya. Machozi yakanitoka. Nikajiambia, huyu mama ameniaibisha makusudi.

Kisha nikahisi mkono begani.

"Usigeuke," ukasema. "Ni mimi."

Mzee Hamisi akapaza sauti. "Bi Mishi! Wewe ndiwe mgombea, rudi pahali pako!"

"Kwani mimi sina kura? Nimekwisha kuchagua. Na nyinyi huko mwamfuata nani, nami niko huku?"

Watu wakacheka. Halafu ndara zikaanza kukokotwa tena, polepole, moja moja, mpaka nikasikia pumzi za watu nyuma yangu.

Sikukushukuru, mama. Nilikununia siku mbili nzima, nawe ukaniletea mkate wa sinia kama hukuona kitu. Ukaniambia, "Ukikosea nitakwambia jikoni, si mbele za watu." Na nilikosea sana, na hukunisema mbele ya mtu hata siku moja. Yale makatoni niliyawashia moto wa chai.

Siku tulipokuzika nilikuwa uani nikiwagawia wageni kahawa. Dada yako wa Msambweni akanishika mkono, akaniuliza, "Mwanangu, wewe kwenu wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Hamisi alimjibu.

"Huyu? Kwao hapa."

Ahsante, Bi Mishi. Mungu akutunze huko kama ulivyonitunza mimi.

Mwanao,
wa mlango wa pili