Mistari Saba Chini ya Jina la Baba

Olmotonyi,
Arusha.
4 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Nashipae,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwetu kwenye baridi. Hujambo? Shemeji Thomasi hajambo? Nilisikia kwa watu kwamba ulipasuliwa jicho mwezi wa tatu, nami sikuweza kukuuliza. Je, sasa unaona vizuri? Naomba iwe hivyo, maana nataka barua hii uisome mwenyewe, usisomewe na mtu.

Sisi ni wazima. Mlima hatujauona wiki ya pili sasa kwa mawingu, mahindi yamekataa kukauka, na goti langu linanikumbusha umri kila nikipanda kutoka mtoni. Mwanangu Lesian anakuamkia, shikamoo mama mdogo. Hakujui kwa sura, lakini salamu zako hazisahau.

Ningekupigia simu, ila najua ukiona namba ya huku unakata. Sikulaumu. Na haya si maneno ya simu.

Kaka Lekishon amelijengea kaburi la Baba, na Jumamosi ya tarehe 14 ukoo utakutana nyumbani kwa ibada. Anataka wosia wa Baba usomwe tena. Karatasi yenyewe, ile uliyoisikia ikisomwa mwaka 1999, imeliwa na mchwa sandukuni, imebaki pembe tu yenye alama ya dole gumba lake. Ndipo akanikumbuka mimi, mpiga chapa wa familia. "Nosim, si uliiandika kwenye kompyuta ya kazini? Hebu itafute."

Sikuwa na haja ya kuitafuta. Disketi ile imekaa kwenye kopo la majani ya chai miaka yote hii, na kila nilipohama chumba nilihama nayo. Niliogopa kuitupa, na niliogopa kuitazama.

Nikaipeleka Ngarenaro kwa Shabbir, fundi wa kompyuta ambaye bado ana mashine ya kusomea disketi. Akaigeuza mwangani, akasema imeota ukungu, huenda ikasomeka mara moja tu au isisomeke kabisa. Nashipae, nilikaa pale kwenye stuli nikaomba mambo mawili kwa pumzi moja: Mungu wangu ifunguke, Mungu wangu isifunguke. Mwanzoni yalitoka madude matupu, vijiboksi na alama zisizosomeka, kwa sababu programu tuliyoandikia enzi zile kompyuta za sasa haziijui. Nikapumua.

"Subiri mama, usikate tamaa," Shabbir akasema. "Kuna njia ya kuihamisha iwe faili la kisasa."

Ikahama. Maneno ya Baba yakaanza kushuka: kwa Lekishon, kwangu, halafu jina lake. Na chini ya jina lake, mahali palipopaswa kuwa peupe, ikatokea mistari saba zaidi.

"Mafaili ya zamani yana hii tabia," Shabbir akanieleza. "Mlikuwa mnadhani mmefuta, kumbe mashine inaficha tu, ili isichelewe kusevu."

Mistari hiyo niliifuta mimi. Ni yako.

Sikutumwa na mtu, usije ukamfikiria Kaka. Baba alinitamkia wosia siku ya Jumamosi, ameketi pembeni yangu ofisini na kofia yake magotini. Miezi minane nilikuwa nimemwogesha, nimembeba, nimemlisha. Kwangu alisema, "Nosim, asante, uji wako umenishikilia." Basi. Akaja kwako, wewe uliyeondoka na mwanamume wa Sumbawanga bila kuaga, akaongea mpaka sauti ikamtetemeka. Nilichapa kila neno. Jumatatu nikarudi peke yangu na wivu wangu, nikafuta, nikatoa karatasi.

Lililo baya zaidi bado. Macho yake yalikuwa yameshakwisha, akataka asomewe kabla ya kuweka dole. Nikamsomea yote. Ya kwako niliyatoa kichwani, neno kwa neno, huku karatasi haina kitu mahali hapo. Akatabasamu, akaweka dole.

Siku ya kusomwa mbele ya ukoo ulikaa karibu na mlango. Nilikuona ukisubiri jina lako. Karatasi iliposomwa hadi mwisho ulibeba mfuko wako ukaondoka, na hujarudi. Wanasema za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa miaka ishirini na sita.

Haya ndiyo aliyosema: "Nashipae mwanangu, nilikukataza kwa hofu, si kwa hasira. Huko ni mbali na mimi ni mzee. Siku uliyopanda basi nilikubariki nyuma yako, hukuniona. Mtamba wangu wa mabaka ni wako na uzao wake wote, Nosim akutunzie. Siku ukija usipige hodi, hapa ni kwako."

Mtamba yule amejaza zizi. Maziwa ya chai yangu ya kila asubuhi ni yako, nami nimeyanywa.

Shabbir ametoa nakala mbili, moja safi na moja yenye mistari saba. "Mzee Lekishon akija Ijumaa kuchukua, nimpe ipi?" Sijamjibu. Naogopa, Nashipae. Naogopa hasira ya Kaka. Naogopa wazee, maana unajua kwetu anavyotazamwa mtu aliyemdanganya mzazi asiyeona. Naogopa laana isije ikamwangukia Lesian. Na ninakuogopa wewe kuliko wote. Mara mbili nimefika hadi barabarani niende nikamwambie ampe ile safi, nikarudi.

Najijua ni mwoga. Ndiyo maana nimemwomba Shabbir nakala nyingine yenye mistari yako, nimeiweka humu ndani, nami naituma mapema makusudi, ili nisiweze tena kurudi nyuma. Ikishafika mikononi mwako, sina namna ya kuifuta.

Jumamosi nitasoma mimi, ile yenye mistari saba. Baba nilimsomea maneno ambayo hayakuwepo kwenye karatasi. Safari hii yapo. Ukija, usipige hodi.

Msalimie sana shemeji Thomasi, naye nimemkosea. Wasalimie wanao, ambao hata majina yao siyajui. Kaka Lekishon anakusalimu, hajui bado ninachokuandikia. Mungu alilinde jicho lako, na akulinde njiani, ukiamua kuja.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuogopa,

Nosim