Aliyefunga Bamba la Dohani

Kivivaara, Hyrynsalmi
9 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Irmeli,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi yetu. Wewe hujambo huko Perth? Callum na watoto nao? Mama ametoka hospitali ya Kajaani, na jana alikunywa kahawa vikombe vitatu akilalamika kuwa ni nyepesi. Kwa afya yake usihangaike tena.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaishia kukueleza habari za theluji. Leo nasema ukweli.

Uliambiwa Mama alifunga bamba la dohani na kuziba njia ya moshi kabla makaa hayajafa, hewa ya sumu ikarudi chumbani. Si kweli. Nilifunga mimi. Jumapili ile baridi ilikuwa kali mno. Nilifungua mlango wa jiko la matofali, nikaona vindimi vya buluu vikichezacheza juu ya makaa. Niliviona, Irmeli. Nikajisemea joto lote hili linapotelea angani, nikasukuma bamba, nikatoka kuondoa theluji kwenye paa la sauna.

Na mimi ni mzimamoto wa kujitolea. Kila vuli naenda shuleni na kofia yangu kuwafundisha watoto kwamba moto wa buluu ukionekana, hata kidogo, bamba haliguswi. Naona haya hata kuandika.

Jirani yetu Aune ndiye aliyemkuta Mama sakafuni anatapika, akafungua milango na kumburuta nje. Mimi nilikuwa juu ya paa napiga mluzi. Wenzangu wa zimamoto walipofika na kuuliza, Mama alinitangulia. "Nimefunga mimi. Uzee huu, jamani." Nikawaacha waamini hivyo.

Sasa muuguzi anayemhudumia Mama, akiamini kuwa hawezi tena kujitunza, amemtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee, aingie mwezi ujao. Uliposema kwenye simu kwamba ni sawa, nami niliitikia. Mama anaondolewa nyumbani kwake kwa kosa langu, na nimeitikia.

Leo Aune alikuja kunywa kahawa. Makaa ya jiko yalipokufa, Mama akaniita kwa sauti, "Tauno, njoo ufunge wewe, mimi sijui tena." Amelifunga bamba lile tangu alipoolewa. Nikashindwa kuvumilia.

"Aune, siku ile nilifunga mimi."

"Usimsikilize," Mama akadakia. "Ananitetea tu."

Aune akanipigapiga mkono. "Una bahati ya mtoto, Hilkka. Wangu asingejitwisha kosa langu."

Nilimfuata muuguzi, naye akatabasamu tu. Kasema Mama ameshamwonya kuwa nitakuja kumtetea.

Nisalimie Callum, uwabusu Eila na mdogo wake Aaro. Shangazi Lempi anakusalimu. Mungu awafunike kwa amani yake.

Mpigie muuguzi, mdogo wangu, umweleze ukweli huu. Hapa kila mtu ananiona mwana mwema. Wewe uniamini.

Nikupendaye na nisiyestahili sifa,
kaka yako Tauno