Yai Lenye Mwiba

Mama mdogo wangu,

Nakuandikia kutoka Kibeta, kwenye chumba nilichopanga nikisoma mwaka wa kwanza wa chuo hapa Bukoba. Naiandika barua hii wazi, wasome na wengine, kwa sababu uongo wangu niliusema mbele za watu na sioni haki kuufuta kimyakimya.

Ulipokuja Bumbire nilikuwa na miaka minane. Mama yangu mzazi alikuwa hajatimiza hata mwaka kaburini, na Tata, baba yangu, akakuleta kutoka Kagoma na sanduku moja na mitungi miwili. Kisiwa kizima kiliicheka ile mitungi. Tumezungukwa na ziwa, halafu wewe unachota maji na kuyaacha siku mbili ndipo uoge. "Yana mchanga, waitu, acha yatulie," ulisema. Wanawake wa mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, walisema unajidai. Mimi ulinikalisha kwenye jiwe nyuma ya nyumba ukanisugua kwa maji yale yaliyolala, na ukigeuka tu nilikimbilia kwenye matete kuogelea na wenzangu, ili kukukomoa. Hukuwahi kunipiga. Ulinitania tu kwamba siku moja nitaota magamba.

Tumbo la Tata lilikuwa limeanza kuvimba hata kabla hujafika, ila hilo hakuna aliyetaka kulikumbuka. Mchana mmoja, ukiwa umemaliza mwaka kwetu, alikula ndizi za ebitoke na maharage yako, akasimama, akatapika damu mpaka ukuta wa jikoni ukalowa. Kabla jua halijazama tulikuwa tunamlilia.

Baada ya matanga baba mkubwa aliniita mbele ya ukoo. "Sema, mwana wange. Uliona nini jikoni?"

Nilikuwa nimekuona ukitia kitu cheupe kwenye chungu. Hilo lilikuwa kweli, na ningeishia hapo. Lakini watu wazima wote walikuwa wananitazama mimi, nami nilikuchukia kwa kulala mahali alipolala mama yangu. Nikasema, "Alitia dawa ya kumuua Tata."

Ulinigeukia. "Ni magadi, mwanangu. Ya kulainisha maharage. Unayajua."

Niliyajua. Ulikuwa umenituma dukani kuyanunua siku ileile aliyokufa Tata. Nikanyamaza. Ndipo na maji yako yakatajwa, kwamba mtu asiyetaka kuoga maji ya wenzake ana jambo lake. Wakakupandisha mtumbwi na mtungi mmoja. Wa pili waliuvunja pale mwaloni, na mimi nilisimama nikiangalia vigae.

Mwezi uliopita tulikuwa na somo la vitendo kuhusu minyoo. Mwalimu wetu wa maabara ana sheria anazorudia mpaka tunamwigiza akitoka: penseli iliyochongwa, hakuna kutia kivuli, na chora ulichokiona, si unachodhani unakijua. Kila mmoja alileta choo chake kwenye kikopo, tukitaniana nani atatia darasa aibu. Niliweka kioo changu chini ya hadubini, nikarekebisha lenzi, nikaona yai. Refu kidogo, la rangi ya njano, na ubavuni lina mwiba mmoja. Nililichora vizuri sana, Mama mdogo. Nilikuwa najisifu moyoni.

Mwalimu akainama kutazama, akaacha utani. "Wewe ni mtu wa visiwani?"

Akaliambia darasa kwamba hicho ni kichocho cha tumbo. Mnyoo huingia kwenye ngozi mtu akiwa majini. Mayai hukwama kwenye ini miaka na miaka, tumbo huvimba, mishipa ya chini ya koo hujaa damu, na siku ikipasuka mtu hutapika damu na kufa. Watu wengi, alisema, hudhani marehemu kalishwa sumu. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nauona ukuta wa jikoni kwetu. Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba maji ya ziwa yakichotwa na kuachwa siku mbili, vile vijidudu hufa vyenyewe.

Wewe hukujua hayo, ulichukia mchanga tu. Lakini mwaka mzima ulikuwa unanikinga, na mimi nilikuwa nakutoroka.

Nilipewa vidonge bure, vilevile ambavyo shuleni nilikuwa navificha chini ya ulimi na kwenda kuvitema, maana tangu kifo cha Tata niliogopa kulishwa kitu. Uongo wangu mwenyewe nilikuwa nimeuamini.

Nilimpigia baba mkubwa simu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mambo ya zamani hayo. Unataka tuseme tulikosea?" Nikajibu ndiyo. Akakata.

Basi nikaja Kagoma na ule mchoro ndani ya daftari, nikidhani nitakuonyesha. Kaka yako alinipeleka kwenye kibanja, kati ya migomba, akanionyesha ulipolala. Huu ni mwaka wa tatu. Nililia kama mtu aliyefiwa siku hiyo, na sikuona aibu.

Waliniomba nibaki nile. Maharage yalikuwa mekoni tangu asubuhi na bado yalikuwa magumu. Nikauliza kwa nini hawatii magadi.

"Wifi alikataza," mke wa kaka yako alisema. "Tangu arudi kutoka kisiwani hakutaka yaingie nyumba hii. Kuni zitaisha, yeye anachochea tu. Tumezoea."

Hawakujua kwa nini. Hukuwaambia, hata ndugu zako. Nilikula maharage yale, nikayamaliza yote. Kisha nikasema mbele yao, na mbele ya majirani waliokuja kumtazama mgeni, kile nilichopaswa kukisema nikiwa na miaka tisa: yalikuwa magadi, na niliyanunua mimi.

Kaka yako aliinuka. "Umechelewa," akasema, akatoka nje.

Kwaheri, Mama mdogo. Msamaha sikuombi, kwa kuwa aliyekuwa na haki ya kuninyima hayupo.

Mimi mwanao,
yule uliyemwogesha kwa maji yaliyolala