Mstari Niliouruka Msibani

Mama Paulo,

Shikamoo. Uliondoka bila kuniachia mtu mwingine wa kumwamkia kabla sijakaa kwenye cherehani, kwa hiyo nakuamkia wewe hivyo hivyo, uitikie usiitikie.

Kibanda chetu hapa Maisaka bado kipo. Cherehani yako naitumia mimi, yangu nimempa Neema ajifunzie. Binti yangu anashona mshono uliopinda na hataki kuambiwa. Ungemfumulia yote aanze upya, kama ulivyonifanyia mimi miaka ile nilipokuja kwako sijui hata kutunga uzi. Wateja wako wanakuja kuulizia vipimo vyao vya zamani, wanadhani ulinirithisha na kichwa chako.

Lakini si hayo yaliyonikalisha na kalamu. Nilikukosea siku ya mazishi yako, na nimechoka kunyamaza.

Unakumbuka walivyokuita mwanaharakati. Hukuwa umefanya kitu zaidi ya kunyoosha mkono kila mkutano wa mtaa na kuuliza swali lile lile: nani ana ufunguo wa bomba letu, na kwa nini halifunguliwi? Basi. Ila neno lenyewe lilikuwa limeshaharibika. Kwenye simu za watu lilikuja na picha za matairi yanayoungua na watu wanaotukanana. Wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Mwanaharakati na goti hili?" Siku nyingine, pini zikiwa mdomoni, ulisema: "Waniite wapendavyo, ila wakimaliza kuniita wanijibu."

Mimi sikucheka. Niliogopa, mama. Nilianza kukaa mbali nawe mikutanoni, nikisingizia jua.

Paulo, mwanao, ndiye aliyeandika wasifu wako, akanipa mimi nisome kwa sababu nina sauti. Tulikuwa Bonga, makaburini, watu wamejaa chini ya turubai, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wamekaa viti vya mbele. Nikasoma ulipozaliwa, kule Mbulu, ubatizo wako, ndoa, watoto. Nikafika mstari unaosema: "Mama yetu alikuwa mwanaharakati wa maji katika mtaa wetu." Nikainua macho, nikakutana na macho ya mwenyekiti. Nikasoma: "Mama yetu alikuwa mpenda maendeleo."

Mpenda maendeleo! Kila anayezikwa mji huu ni mpenda maendeleo. Hata aliyeziba mtaro wa jirani yake ni mpenda maendeleo. Watu wakatikisa vichwa kukubali, mwenyekiti naye akakubali. Paulo akaniangalia mara moja tu, kisha akainama kuchukua udongo. Hajawahi kuniuliza. Ningefurahi angenigombeza.

Nilijiambia nalinda heshima yako. Uongo. Nilikuwa nalinda oda ya sare za shule niliyoipata kupitia ofisi ya mtaa.

Ulipoondoka, bomba likafungwa moja kwa moja. Mkutano uliofuata ukafika kwenye mengineyo, na pakawa kimya. Nafikiri wote tulikuwa tunakusubiri wewe. Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijaamua. Nikauliza swali lako, neno kwa neno.

Kesho yake vijana wa bodaboda wakanipigia kelele: "Mambo vipi, mwanaharakati!" Hao niliwavumilia, ni watoto wetu. Aliyeniumiza ni Mama Joseph wa jumuiya yetu, tunayesali naye kila wiki. Alinivuta pembeni baada ya sala akaninong'oneza: "Mama Neema, siku hizi umeingia siasa kali?" Siasa kali! Mimi ninayemwogopa hata jogoo wa jirani. Nikaanza kujitetea, jamani mimi si kama wale, mimi nauliza tu. Katikati ya maneno nikajisikia mwenyewe. Nilikuwa nakukana mara ya pili.

Nikuambie ukweli, neno hilo bado silipendi. Wapo wanaojiita hivyo na kazi yao ni kutukana, na sitaki kubebeshwa mizigo ya watu nisiowajua. Wapo pia wanaokuita hivyo ili wakuzibe mdomo, maana ukishaitwa, swali lako halina haja ya kujibiwa. Mimi nataka niitwe fundi. Lakini siku ile ya mazishi hakuna aliyeniuliza napenda neno gani. Mwanao aliandika kwa fahari kuhusu mama yake, na kazi yangu ilikuwa kusoma.

Basi Jumamosi iliyopita, tulipokuja kukuwekea msalaba, nilimwomba Paulo karatasi ile ile. Alikuwa ameitunza ndani ya Biblia yako. Nikasimama, nikawaambia watu kwamba siku ya mazishi kuna mstari niliuruka kwa woga, nikausoma. Mtu akakohoa. Kisha mwenyekiti mwenyewe akasema, "Kweli, yule mama alitusumbua sana," na watu wakacheka, naye akacheka, Paulo akacheka huku analia. Mimi nililia tu.

Usidhani mambo yamenyooka. Oda ya sare imekwenda kwa fundi mwingine wa Nangara, na hakuna aliyeniambia sababu. Bomba sasa linafunguliwa Jumanne na Ijumaa tu, na ufunguo bado hatujui uko kwa nani. Lakini sina hofu tena, mama. Napita mbele ya ofisi ya mtaa nikiwa nimenyoosha shingo, nasalimia, naendelea na safari yangu.

Jana Neema aliniuliza, "Mama, kwani wewe ni mwanaharakati?" Nikamwambia mimi ni mama yake, ni fundi, na Jumapili nina swali mkutanoni; jina la kuniita watalitafuta wenyewe. Akafikiri kidogo, akasema atanisindikiza.

Pumzika, Mama Paulo. Nimekukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika. Nakuahidi kwamba nikiwa hai swali lako halitakosa mtu wa kuliuliza. Na habari zako hazitapunguzwa tena na mtu yeyote, hata mimi.

Mwanafunzi wako,
Mama Neema