Aliyepima Damu Yangu

Na kweli, Shangazi, shikamoo, ndoa ni tamu kuliko nilivyokuambia kwenye simu. Homa iliponishika huku Kabanga, mume wangu alinibeba mgongoni hadi zahanati moja ya mtu binafsi! Lakini leo nakuandikia nina hasira.

Damu yangu ilipimwa na Goreti, Mrundi aliyeolewa huku. Ana diploma ya maabara, kibali cha kazi na leseni. Mkuu wake alikuwa ameshaandika kwamba sina malaria, bila hata kuinamia hadubini. Goreti akaangalia, akamwita: "Bosi, wadudu hawa hapa." Akajibiwa mbele yetu: "Wewe mkimbizi, kaoshe vioo vya kupimia!" Kisha bosi akachana majibu yake ya kwanza, akaandika ya Goreti, akasaini yeye.

Nikagoma kumeza dawa mpaka jina la Goreti liandikwe. Mume wangu, roho yangu, akagoma pamoja nami. Goreti akaniletea maji. "Meza, bibi harusi," akasema. "Mimi nimeshazoea." Hapo ndipo nilipolia.

Nimepona. Shangazi mpenzi, zahanati unayoisimamia haina mtu wa maabara. Kabla mwezi haujaisha tunakuja Nyarubungo, mimi, mume wangu, na Goreti na vyeti vyake.

Mwanao Editha, mke wa mtu!