Kanda ya Harusi ya Mjomba Daudi

Mama,

Zile kanda za video ulizozifunga kwenye kitenge chini ya kitanda, nimezipeleka kwa fundi hapa Umoja azihamishe kwenye diski. Nyingi zilikuwa zimeota ukungu. Ubatizo wangu haukupona. Harusi ya Mjomba Daudi imepona yote, na hiyo ndiyo niliyotamani ioze.

Uko pale, Mama, na gauni la kijani, umebeba sinia la pilau huku unacheza. Nilikuwa nimesahau kwamba uliwahi kunenepa. Kisha Daudi, mdogo wako, anashika maikrofoni, analia: "Dada aliacha shule ndiyo mimi nisome. Siku akiugua, mimi ndiye nitakayemuuguza." Akina mama wanapiga vigelegele. Wewe unajifunika uso kwa leso.

Nikazima.

Miezi yote uliyougua figo, hakukanyaga wodini. Hata simu. Nawe ukawa unaniambia, "Ana kazi nyingi, usimseme." Kwenye mazishi yako ndiye aliyeongea kuliko wote. Nilitaka kumnyang'anya maikrofoni.

Aliposikia habari za diski, akapiga. Wanasherehekea miaka ya ndoa, anaitaka diski ya harusi yake. "Lakini mwambie fundi akate pale ninapoongea. Watoto hawajui mambo hayo."

"Mambo gani, Mjomba?"

"Wewe kata tu."

Mama, watoto wake wamekua wakiambiwa baba yao alijisomesha.

Sikukata. Alimtuma binti yake, Neema, aichukue. Nikamkalisha kwenye kochi lako, nikamwekea yote. Akaitazama, akairudisha nyuma, akaitazama tena. "Shangazi aliacha shule kwa sababu ya baba?" Nikasema ndiyo. Alilia mpaka nikamwonea huruma, nami sikuwa nimepanga kumhurumia mtu yeyote wa nyumba ile.

Aliondoka nayo. Tangu hapo Mjomba hanipigii. Neema hupiga. Anataka nimpeleke Machakos, kaburini kwako.

Najua ungeniambia nimsamehe baba yake. Sijamsamehe, na sitakudanganya eti niko njiani. Ila huyu msichana nitamleta, nakuahidi, tung'oe magugu pamoja, nimweleze wewe ulikuwa nani.

Pumzika, Mama. Daudi usimngoje.

Mwanao,
Mwende